Mlinzi wa Gereza Aliyeosha Vidonda

Somo: Matendo ya Mitume 16:23-36, Luka 3:14, 1 Timoteo 3:10

  

Leo tunashika swali moja linalozunguka katika makanisa yetu. Kuna ndugu aliyekuwa askari, au aliyetoka porini akaweka silaha chini. Ameokoka, amebatizwa, anaimba katika korali. Sasa anasema: "Ninataka kufanya kazi na vijana waliofungwa. Niwe mlezi wao, niwafundishe." Wengine wanapiga makofi na kusema Amina. Wengine wanashika kichwa na kuuliza: "Mtu aliyebeba bunduki, tumpe watoto?" Pande zote mbili zina sababu. Tusijibu kwa haraka. Tufungue Neno.

MJI WA ASKARI WA ZAMANI

Paulo na Sila walipofika Filipi, hawakufika katika mji wa kawaida. Luka mwenyewe anatuambia kwamba Filipi ilikuwa koloni ya Waroma. Historia inatueleza kwa nini. Mwaka wa 42 kabla ya Kristo, vita kubwa ilipiganwa karibu na mji ule. Vita ilipokwisha, askari wengi wa Roma walipewa mashamba pale wakae. Paulo alipoingia, karibu miaka 90 baadaye, alikuta wana na wajukuu wa watu wa jeshi. Heshima ya mji ilikuwa upanga, cheo na amri.

Biblia haisemi kama mlinzi wa gereza lile alikuwa amepigana vita. Lakini tazama jinsi anavyofanya kazi. Anapewa amri awalinde sana wale wafungwa, naye anawaweka ndani kabisa, miguu yao katika mti. Migongo yao imepasuka kwa fimbo, na hakuna anayewapa hata maji. Yeye anaenda kulala. Huyu ni mtu wa amri: ameambiwa walinde, amewalinda. Kama wanaumia, hilo halimo katika amri.

Usiku wa manane nchi inatetemeka, milango inafunguka, minyororo inaanguka. Mlinzi anaamka, anaona milango wazi, anachomoa upanga ili ajiue. Ndivyo mtu wa silaha anavyojua kumaliza shida: kwa upanga, hata kama ni juu ya shingo yake mwenyewe. Paulo anapaza sauti katika giza: usijidhuru, sisi sote tupo hapa.

Tunaomba muone mambo matatu yanayofuata. Kwanza, anaomba taa, anaingia, anatetemeka, anauliza afanye nini ili aokoke. Pili, saa ile ile ya usiku, anawachukua na kuwaosha vidonda vyao. Tatu, anawaingiza nyumbani mwake na kuwawekea chakula mezani. Kisha soma mstari wa 36: asubuhi wakubwa wa mji wanatuma ujumbe, na ni yeye anayeupeleka kwa Paulo. Maana yake, bado yuko kazini! Hakuacha gereza. Ni gereza lile lile, ni mtu yule yule, funguo ni zile zile. Kilichobadilika ni mikono. Jana mikono ilifunga miguu katika mti, leo inaosha vidonda.

Wapendwa, hilo ndilo neno letu la leo: askari wa zamani anaweza kuwa mlezi mwema wa vijana waliofungwa, si kwa sababu anajua kuamuru, lakini kwa sababu amejifunza kuosha vidonda. Kama hajajifunza hilo, asipewe ufunguo.

WATOTO WETU WALIO NDANI

Sasa turudi hapa kwetu. Nchi yetu ina sheria nzuri ya kulinda mtoto, iliyotiwa saini tarehe 10 Januari 2009. Wazazi wengi hawajawahi kusikia inasema nini, basi tuiseme redioni. Mtoto ni kila mtu ambaye hajafika miaka 18. Mtoto wa chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Mwenye miaka kati ya 14 na 18 anapelekwa mbele ya mahakama ya watoto, si ya wakubwa. Hakimu wa watoto anaweza kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi, au kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka katika nyumba ya malezi. Kumfungia pamoja na watu wazima kumekatazwa.

Lakini nyumba hizo za malezi ni chache sana katika nchi kubwa kama yetu. Kwa hiyo mtoto aliyeshikwa kwa sababu ya simu iliyoibwa sokoni, au kwa ugomvi, au kwa kushukiwa kuwa na kundi la silaha, anaweza kuanzia katika kasho ya polisi na kuishia katika gereza la wakubwa. Munajua gereza kuu la Bukavu. Lilijengwa kwa ajili ya watu wapata 500, na katika miaka hii lilibeba zaidi ya 2000. Mahali walinzi ni wachache hivyo, wafungwa wanajitawala wenyewe. Kapita ndiye anayeamua nani alale wapi, nani alipe nini. Mtoto anayeingia pale bila mtu mzima wa kumsimamia anatafuta wa kumlinda, na anayemlinda ndiye anayekuwa mwalimu wake.

Mwezi wa pili mwaka 2025, vita ilipofika mjini, milango ya gereza ilifunguka. Haikufunguka kwa amri ya hakimu. Ilifunguka katika fujo na milio ya risasi, na wafungwa wakatoka. Hatuwalaumu waliokimbia, mahali risasi zinalia, kila mwenye miguu anakimbia. Lakini sisi watu wa Neno hatuwezi kusahau usiku wa Filipi. Kule pia milango yote ilifunguka, na hakuna hata mmoja aliyetoka. Ukuta haukuwazuia, maana ulikuwa umetikisika. Waliobaki walibaki kwa sababu ndani mlikuwa na watu wawili walioimba na kuomba, na wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza.

Mumeona? Ukuta wa gereza unaweza kufunguka usiku mmoja. Kama kazi yote tuliyofanya ni ukuta, basi asubuhi hatuna kitu. Kilichojengwa ndani ya kijana ndicho kinachobaki naye akiwa njiani, tumbo likiwa na njaa, na mtu mwenye bunduki akimwambia: "Njoo kwetu, utakula."

KADOGO WA JANA NI BABA WA LEO

Na nani anajua sauti hiyo inayosema "njoo kwetu"? Tunaijua wengi kwa kusikia. Lakini wako katika viti vyetu wanaoijua kwa kuifuata.

Mwaka 1996 vita ya AFDL ilipoanzia hapa Kivu, watoto wengi walichukuliwa, nasi tukawaita kadogo. Hesabu kidogo: aliyekuwa na miaka 12 wakati ule, leo amepita 40. Ni baba. Ni mzee wa kanisa pengine. Baada yao wakaja wengine, wa vikundi vya kila jina. Serikali ikaanzisha CONADER mwisho wa mwaka 2003 ili kuwaachisha silaha, na baadaye mipango mingine, mpaka P-DDRCS ya mwaka 2021. Wengi walifundishwa kushona, useremala, kufuga mbuzi. Ni kazi njema. Lakini kuna kitu ndani ya mtu huyu ambacho cherehani haikiulizi: anaijua njia ya kwenda porini, na anaijua njia ya kurudi. Wahenga walisema, njia muulize aliyeipita.

Tuna mfano katika nchi yetu. Junior Nzita alichukuliwa mwaka 1996 kule Kivu ya Kaskazini akiwa na miaka 12. Alikaa jeshini miaka kumi, akaachishwa mwaka 2006. Angeweza kukaa kimya na uchungu wake. Badala yake aliandika habari ya maisha yake, akaanzisha shirika la kulea watoto yatima, na mwaka 2015 akasimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuwatetea watoto wanaotiwa vitani. Mikono iliyopewa bunduki utotoni ikawa mikono ya kulea.

Hapa Bukavu tunalijua shirika la BVES, lililoanza mwaka 1992. Murhabazi Namegabe na wenzake wamekwenda mpaka kwa makomanda kuomba watoto waachiliwe, kisha wanawapokea katika vituo vyao kabla hawajarudi kwa wazazi. Kazi hiyo inatuonyesha kwamba mtoto aliyetoka katika silaha hahitaji kwanza hotuba. Anahitaji kitanda, chakula, mtu wa kumsikiliza, na siku nyingi.

Nchi nyingine nazo zimewaza hivi. Marekani katika miaka ya 1990 ilianzisha mpango wa kuwasaidia askari wanaotoka jeshini kuwa walimu wa shule. Uingereza imewafungulia askari wa zamani mlango wa kufanya kazi magerezani. Lakini tusinakili bila kupima. Askari wa kule anatoka na barua ya jeshi na rekodi inayojulikana. Wa kwetu mara nyingi anatoka porini bila karatasi yoyote, na waliomjua wako mbali au wamekufa. Kwa hiyo kipimo chetu lazima kiwe kikali zaidi.

MANENO MATATU YA YOHANA

Katika Luka 3:14 askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza: na sisi tufanye nini? Yohana hakuwafukuza. Wala hakuwasifu. Aliwapa maneno matatu, na kila moja linaingia katika gereza kama ufunguo katika kufuli.

La kwanza: musimnyang'anye mtu kwa nguvu. Mlezi wa vijana asiwe mtu wa fimbo. Askari amezoea kwamba anayechelewa anapigwa, na anayejibu anapigwa mara mbili. Kijana aliyefungwa amepigwa tayari, nyumbani, barabarani, katika kasho. Fimbo haimfundishi jambo jipya. Nidhamu ya jeshi ina uzuri wake: kuamka mapema, kutandika kitanda, kuoga, kula pamoja, kumaliza kazi uliyoanza. Mlezi alete hayo, aache fimbo nje ya lango.

La pili: musimshitaki mtu kwa uongo. Katika chumba kilichojaa, jambo moja dogo la kusingiziwa linaweza kumwongezea kijana miezi. Mlezi ndiye macho ya hakimu ndani ya nyumba. Akisema uongo kwa sababu ya hasira au chuki ya kabila, ameua tumaini la mtoto wa mtu. Na katika Kivu yetu tuseme wazi: kijana aliye mbele yako asiulizwe kwanza baba yake anasema lugha gani.

La tatu: muwe radhi na mshahara wenu. Hapa kuna jaribu kubwa. Mama ametoka Panzi kwa miguu na sahani ya fufu kwa ajili ya mtoto wake, na langoni mtu anamwomba pesa kabla sahani haijapita. Mlezi aliyeokoka asifanye hivyo hata siku moja. Lakini Yohana alisema mshahara, kwa hiyo mshahara uwepo! Anayemwajiri mtu akae na vijana usiku na mchana bila malipo anamtia majaribuni. Mtenda kazi anastahili ujira wake.

Tunaongeza neno moja la sisi wachungaji. Vijana wanapenda habari za vita kama wanavyopenda mpira. Ndugu, ukikaa nao na kusimulia jinsi mulivyoteka mlima fulani, macho yao yatawaka, nawe utafikiri unawafundisha. Unawaandikisha! Simulia njaa. Simulia rafiki uliyemwacha bila kaburi. Simulia siku uliporudi nyumbani na mama yako akaogopa kukufungulia. Huo ndio ushuhuda.

MSAMAHA NA UFUNGUO

Sasa tunawageukia mama na dada zetu ambao mwili wao ulijeruhiwa na watu wa bunduki. Tunajua kwamba somo hili linaweza kuwagusa mahali penye maumivu. Katika mji wa hospitali ya Panzi hakuna mhubiri anayeweza kusema juu ya askari na watoto bila kuwakumbuka ninyi. Basi tunasema wazi, ili kila kanisa lisikie.

Msamaha wa Mungu ni wa bure. Ufunguo wa nyumba ya watoto haupewi bure. Haya ni mambo mawili. Mnyang'anyi msalabani alipewa paradiso siku ile ile. Hakupewa kutunza mfuko wa mitume. Mtu aliyenajisi, au aliyewachukua watoto na kuwatia jeshini, akitubu, Damu ya Yesu inamtosha. Lakini asikae na watoto, wala ushuhuda wake usiwe njia ya kukwepa hakimu. Sheria ya 2009 inaweka kifungo cha miaka 10 mpaka 20 kwa anayewaandikisha watoto katika silaha. Toba ya kweli haikimbii sheria. Zakayo aliposimama, aliongea habari ya kurudisha.

Tena kuna ndugu asiye na hatia hiyo, lakini usiku bado anaruka kitandani akipiga kelele, au pombe bado inamshika. Huyo si mwovu. Ni mgonjwa anayehitaji kuoshwa vidonda kwanza. Tumpeleke kwa wanaojua kutibu majeraha ya moyo, tumwombee, tumngoje. Kazi itamkuta.

TUFANYE NINI?

Paulo alimwandikia Timoteo kwamba mashemasi wapimwe kwanza, ndipo watumike. Kama anayegawa mikate anapimwa, je, anayelea mtoto aliyefungwa? Tunaleta mashauri manne.

Moja: kanisa lisimtume mtu kwa sababu analia vizuri katika maombi. Limjue kwa muda, nyumbani kwake, kwa mke wake, kwa majirani wake. Tuulize pia mahali alipopita na silaha, kama kuna mtu anayemlilia.

Mbili: asiende kwa jina la mchungaji tu. Aende kwa ruhusa ya mahakama ya watoto na pamoja na wafanyakazi wa huduma za jamii, akiwa amefundishwa sheria ya mtoto. Wala asikae peke yake na kijana mahali palipofungwa. Wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi. Na kwa wasichana, wawepo mama walezi.

Tatu: tuwape kitu mkononi. Katika makanisa yetu kuna mafundi wa kushona, waseremala, makanika, mama wanaotengeneza sabuni. Askari wa zamani alete utaratibu wa siku, fundi alete ufundi, mwalimu alete kalamu. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Nne: siku ya kutoka. Hiyo ndiyo siku ya hatari. Kijana anasimama nje ya lango, hana nauli, baba hamtaki, majirani wanamwita mwizi au maibobo. Kikundi cha silaha hakimuulizi karatasi. Kama mlezi wake anamngoja pale nje, anampeleka nyumbani, anaingia naye mlangoni na kuongea na baba, tumemshinda yule mwandikishaji kwa saa moja. Kama hakuna mtu, tumempa zawadi.

Wengine watasema kanisa ni maskini, haya ni ya serikali. Ndiyo, serikali ina deni lake, na tutamkumbusha. Lakini hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ni kazi ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste. Ilianza wakati wa vita, katika nchi hii hii yenye shida. Waliotangulia hawakungoja amani ili waoshe vidonda.

Ndugu uliyeweka silaha chini: Mungu hakukutoa porini ili ukae kiti cha nyuma ukiona aibu. Jitoe upimwe. Ukiambiwa "bado", usikasirike. Mama ambaye mtoto wako yuko ndani: usiache kwenda na sahani yako, tutatafuta watu wa kwenda nawe. Kanisa: mlinzi wa Filipi aliomba taa ndipo akaingia. Tuombe taa, kisha tuingie.

Tuombe. Bwana Yesu, ulikamatwa usiku, ukapigwa na askari, na askari mmoja chini ya msalaba akakiri wewe ni nani. Waangalie vijana wetu walio ndani, na wale waliotoka tusiojua wanalala wapi. Ponya mikono iliyoshika silaha, uifundishe kuosha. Lipe kanisa lako akili ya kupima na moyo wa kupokea. Amani ishuke juu ya Bukavu na Kivu yote. Katika jina la Yesu, Amina.